Kiota cha Ndege na Mbuga ya Mikumi

Ukitoka Mvumi kwenda Kilosa, na kutoka Kilosa ukielekea kusini hata mji mdogo wa Mikumi, utafika penye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Zambia. Ukiishika barabara hiyo kuelekea Morogoro, baada ya kitambo kidogo utaona kibao kikubwa kando ya njia, nacho chakuarifu ya kuwa sasa waingia katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Tokea hapo, mwendo wa kilomita 50 hivi, wewe u mgeni nyumbani mwa wanyama. Hulipi kitu, wala hakuna mlinzi akusimamishaye. Umekaa tu katika basi, na dirishani waonekana tembo na watoto wao, twiga, punda milia, nyumbu, nyati, swala pala wasiohesabika, na nyani waketio kando ya lami kama wazee wangojao shauri. Watu wengine duniani huweka akiba miaka mingi ili waje wayatazame mambo hayo mara moja tu. Wasafiri wetu wengi hupita hapo wamelala usingizi. Simlaumu mtu, maana mimi mwenyewe nimewahi kulala hapo, nikaamshwa na kelele za abiria wenzangu, na simba walikwisha kupita.

Jina la Mikumi limetoka katika mti uitwao mkumi, ambao watu wa pwani huuita mvumo. Ni mti wa jamaa ya mnazi, mrefu, hauna matawi, na katikati shina lake hunenepa kama nyoka aliyemeza panya. Tutaurudia mti huu mbele kidogo, kwa kuwa una somo lake.

Hifadhi yenyewe iliwekwa mwaka 1964. Mwaka 1975 mipaka yake ilipanuliwa, na sasa eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Wenye kuitunza ni Shirika la Hifadhi za Taifa, yaani TANAPA, lililoanza kazi mwaka 1959. Upande wa kusini imepakana na nchi kubwa ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Tembo na nyati hawajui mambo hayo ya mipaka. Huenda na kurudi kufuata maji na majani, kama walivyofanya kabla mtu hajachora ramani.

Watu watokao mbali kuja kutazama twawaita watalii, na kazi ya kuwapokea, kuwalisha, kuwalaza na kuwaonyesha njia twaiita utalii. Biashara hii si kama biashara nyingine. Mwenye duka la kanga akiisha kuuza kanga, kanga imekwenda. Lakini mtalii hamnunui twiga. Hulipa ruhusa ya kumtazama, na akiisha kwenda zake, twiga yule yule yupo kwa mgeni wa kesho na wa mwakani. Hapo ndipo ulipo uzuri wa biashara hii, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake, kama tutakavyoona.

Lakini kwanza yatupasa kuuliza: twiga huyu ni wa nani? Wengine husema ni wa Serikali, wengine ni wa wananchi wote, wengine ni wa yule alipaye fedha langoni. Majibu hayo yana kweli ndani yake kwa sheria za wanadamu. Lakini mtu asomaye Biblia hawezi kuanzia hapo. Zaburi ya 24 yaanza kwa kusema ya kuwa nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Na katika Mwanzo, mlango wa pili, mtu wa kwanza alipowekwa bustanini, alipewa kazi mbili kwa pamoja: ailime bustani na aitunze. Hakupewa moja bila ya nyingine. Mtu alimaye bila kutunza atakula mwaka huu na kufa njaa mwaka kesho. Na mtu atunzaye bila kulima hana la kuwapa watoto wake leo. Basi sisi tu mawakili. Wakili hutumia mali ya bwana wake, naye hula katika mali hiyo, lakini siku moja huitwa kutoa hesabu.

Sasa, je, wakili atumie kiasi gani? Hili ndilo swali gumu, na watu wazima hubishana juu yake sana. Napenda kuwaonyesha sheria moja ndogo iliyo katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mstari wa 6 na wa 7. Ni ndogo hata wengi huisoma bila kuiona. Musa awaambia watu ya kwamba mmoja wao akikuta kiota cha ndege, mtini au chini, na ndege mama amelalia mayai au makinda, ana ruhusa ya kuyatwaa makinda, ila mama asimtwae pamoja nayo. Lazima amwache aende.

Wavulana mnaotega ndege mtaifahamu sheria hii upesi kuliko wanafunzi wa mjini. Tazameni jinsi ilivyo na busara. Haikumkataza mtu mwenye njaa asile. Wala haikusema ya kuwa ndege ni watakatifu wasioguswa. Ilisema tu: chukua kile ambacho mama aweza kukizaa tena, lakini usichukue chemchemi yenyewe. Aliyechukua makinda na mama amekula mara moja. Aliyemwacha mama, huenda akakuta kiota kingine msimu ujao, yeye au mtoto wake.

Turudi sasa kwa ule mti mkumi. Mgema wa pwani hugema mnazi kwa kukata kole la ua lake, na mnazi hauharibiki. Kesho hupanda tena. Lakini mtu mwenye pupa akiukwea mkumi na kukata kilele chenyewe ili apate tembo nyingi kwa siku chache, mti hufa, maana mkumi hauna tawi wala chipukizi jingine. Uhai wake wote wa kukua uko katika kilele kile kimoja. Aliyefanya hivyo amechukua mama pamoja na makinda.

Na kama tulivyotaja tembo la kunywa, tutaje na tembo wa mwituni, kwa kuwa habari yake ni ya huzuni. Wataalamu wa wanyama huruka kwa ndege wakawahesabu tembo kutoka juu. Mwaka 2009 walihesabu katika nchi ile ya Selous na Mikumi tembo karibu 39,000. Mwaka 2013 walihesabu tena, wakapata karibu 13,000 tu. Fanyeni hesabu wenyewe: katika muda wa miaka minne, katika kila tembo watatu, wawili hawakuwapo. Wengi wao waliuawa na majangili kwa ajili ya pembe, nazo zikavushwa bahari kwenda kuchongwa mapambo na bangili katika nchi za Mashariki. Tembo jike huchukua mimba miezi 22. Huzaa mtoto mmoja, pacha ni mara chache sana, na baada ya hapo hupita miaka minne au mitano kabla hajazaa tena. Basi mali iliyoharibiwa kwa miaka minne haiwezi kurudi kwa miaka minne. Tena kundi la tembo huongozwa na jike mzee, ambaye akumbuka maji yaliko wakati wa ukame. Majangili humpenda huyo kwa sababu pembe zake ni kubwa. Wakimwua, wameua na maarifa ya kundi zima. Uchina ilifunga soko lake la pembe mwishoni mwa mwaka 2017, na hilo limesaidia. Lakini mwenye kumwonyesha jangili njia porini hakutoka Uchina. Ni mtu wa kijiji fulani, ajuaye vijito na vichaka, aliyeahidiwa fedha kidogo na mwenye fedha nyingi.

Kwa kipimo cha kile kiota, utalii ni kazi njema, maana wachukua makinda na kumwacha mama. Kwa ajili yake vijana huajiriwa kuwa walinzi, waongozaji, wapishi, madereva na mafundi. Akina mama huuza mboga na mayai kwa nyumba za wageni. Na kodi huingia katika hazina ya nchi. Lakini msidhani ya kuwa mgeni hawezi kuharibu. Mtalii akimwamuru dereva aache njia ili amkaribie simba, magurudumu huvunja majani na viota. Motokaa kumi zikimzunguka duma mmoja awindaye, mawindo hukimbia, naye hulala njaa, na watoto wake pia. Na mwenye hoteli akichimba kisima akayavuta maji yote ili wageni waoge mara mbili, wanyama na wanakijiji watakosa. Hao nao wamemtwaa mama, ijapokuwa hawakushika bunduki.

Ila kwa Mikumi, hatari kubwa kuliko zote za namna hiyo ni ile barabara niliyoanza nayo. Mabasi hupita, na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupita, usiku na mchana. Mvua ikinyesha, maji hutiririka kutoka lami na kuotesha majani mabichi pembeni, nao swala huyafuata. Jioni lami huhifadhi joto la jua, na wanyama wengine hupenda kulala hapo. Kisha lori laja kwa mbio. Kwa sababu hiyo Serikali imeweka matuta barabarani, na vibao vya kupunguza mwendo, na kwenye mipaka ya hifadhi imewekwa orodha ya faini: twiga ana kiasi chake, simba chake, nyani chake. Sheria hiyo ni njema, lakini nimemsikia msafiri mmoja akisoma orodha ile kwa kicheko, kana kwamba ni bei za sokoni. Haukuwa ununuzi. Aliyelipa faini ya twiga hakumpata twiga, wala sisi hatukurudishiwa.

Kuna na jambo dogo ambalo kila abiria anahusika nalo. Watu hutupa maganda ya ndizi, mahindi ya kuchoma na mabaki ya chipsi dirishani, wakiwaonea nyani huruma au wakitaka kucheka. Nyani ni mwanafunzi hodari. Akiisha kujua ya kuwa chakula hutoka katika basi, huacha kutafuta mizizi na matunda yake, huja kukaa barabarani na watoto wake mgongoni. Wengine hukanyagwa. Wengine huwa wakali, hunyang'anya watu vitu mikononi, na mwisho huuawa kwa ukali wao. Yule aliyetupa ganda la kwanza amekwisha kufika Iringa, hajui kitu.

Sasa nimefika penye neno zito kuliko yote, wala si haki nilipite upesi kama wafanyavyo waandishi wengi wa habari za wanyama. Ni rahisi kumpenda tembo ukiwa ndani ya motokaa. Tuseme kuna mkulima mmoja mwenye ekari mbili za mahindi karibu na mpaka wa hifadhi. Amelima kwa jembe la mkono, amepalilia mara mbili, mahindi yamekomaa, yamebaki majuma mawili kuvunwa. Usiku tembo watano waja. Asubuhi hakuna shamba. Yale mahindi yalikuwa chakula cha mwaka, na sare za shule, na dawa ya mtoto. Tena hata kabla ya siku ile, mkulima na mkewe na watoto wamekuwa wakikesha juu ya dungu, wakipiga madebe na kuwasha moto, na watoto wakienda shuleni husinzia, mwalimu akawaadhibu bila kujua sababu. Mtu huyo ukimwambia ya kuwa tembo ni zawadi ya Mungu, atakutazama tu.

Naye ana haki ya kukutazama hivyo. Maana mtalii amemwona tembo, akafurahi, akalipa, akaenda. Lakini sehemu ya bei ya furaha ile imelipwa na mkulima kwa mahindi yake, naye hakuulizwa. Sheria yetu yatoa malipo kidogo kwa aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, yaitwayo kifuta jasho. Na kwa nyumba iliyofiwa na mtu, kifuta machozi. Majina hayo ni ya kweli, kwa kuwa hufuta tu, hayarudishi kilichopotea. TANAPA nayo, tangu mwaka 1988, ina kazi iitwayo Ujirani Mwema, ambayo kwayo imesaidia kujenga madarasa na zahanati katika vijiji vilivyo kando ya hifadhi. Ni jambo jema sana. Hata hivyo darasa haliliwi, na aliyepoteza mahindi si lazima awe ndiye mwenye mtoto darasani. Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa habari za mtu aliyelala njiani amejeruhiwa, wengine wakapita upande wa pili. Kutunza wanyama na huku tukipita upande wa pili wa mkulima si utunzaji aliotuagiza Mungu.

Basi lifanyike nini? Watu wa akili wametafuta njia, na moja yafurahisha. Wazee wa sehemu nyingi walijua tangu zamani ya kuwa tembo humwogopa nyuki. Ngozi yake ni nene, lakini kandokando ya macho na ndani ya mkonga nyuki hupata pa kuchoma. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja, Lucy King, pamoja na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Kenya, walitangaza ya kuwa tembo wakisikia tu sauti ya nyuki waliochokozwa huondoka mbio. Basi wakulima wakafundishwa kuzungusha mashamba kwa mizinga ya nyuki, mmoja hapa, na mwingine baada ya hatua kama kumi, yote imeunganishwa kwa waya. Tembo akija usiku na kuusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi alikotoka. Katika vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, kusini mwa Mikumi, wakulima wamejaribu ua wa namna hii, na juu ya mahindi wamepata asali ya kuuza. Wengine hutumia kamba zenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili. Sisemi ya kuwa njia hizi hazishindwi. Wakati wa kiangazi kikali nyuki huhama, na dume mmoja mkaidi aweza kuvunja ua. Lakini tazameni: katika njia hii tembo hakufa, mkulima hakulia, na nyuki, kiumbe cha tatu, amepata nyumba.

Huenda mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, nimefahamu. Tuwatunze wanyama kwa kuwa wageni huleta fedha." Jibu hili si baya, lakini halitoshi, na mwaka 2020 ulituonyesha sababu. Mwaka 2019 wageni zaidi ya 1,500,000 waliingia Tanzania. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, ndege zikakaa viwanjani, na wageni walioingia walikuwa karibu 620,000 tu. Hoteli zilifungwa, waongozaji wakarudi kulima, na mama muuza mayai akabaki na mayai yake. Je, mwaka ule tembo alikuwa na thamani chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia? Kama sababu yetu ya kumlinda ilikuwa fedha peke yake, lazima tujibu ndiyo.

Yesu alitaja ndege tena, nasi tukumbuke ya kuwa alikuwa fukara na aliyajua masoko ya mafukara. Katika Luka, mlango wa 12, ataja shomoro waliouzwa watano kwa senti mbili. Kwa Mathayo bei ni shomoro wawili kwa senti moja. Basi yaonekana ya kuwa aliyenunua wanne alipewa wa tano bure, nyongeza, kama muuza nyanya aongezavyo moja juu ya fungu. Shomoro yule wa tano hana bei kabisa. Naye ndiye ambaye Yesu asema hasahauliki mbele za Mungu. Ndiyo sababu katika hifadhi hatuhesabu simba na tembo tu, ambao wageni hushindana kuwapiga picha. Kuna na mbwa mwitu, ambao watu wengi huwachukia, nao wamebaki wachache katika Afrika yote. Kuna tumbusi asafishaye mizoga. Kuna mende abingirishaye mavi. Hakuna atokaye Ulaya kwa ajili ya mende. Lakini bila yeye mbuga ingejaa uvundo.

Wala utunzaji hauishii kwenye kibao cha hifadhi. Wanafunzi wa Mvumi wajua milima ya Ukaguru iliyo upande wa machweo, na mito ishukayo kutoka huko kuelekea Mto Wami. Wami nao huenda hata Bahari ya Hindi, na huingia baharini ndani ya hifadhi nyingine, Saadani, ambako viboko hukaa karibu kabisa na maji ya chumvi. Basi mti ukatwao mlimani ni habari ya viboko wa Saadani pia. Na ni habari yetu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa nyumba za Kilosa na kuiharibu reli, watu maelfu wakalala katika mahema. Januari 2014 mafuriko yalikuja tena, safari hii Magole na Dumila, na barabara kuu ya kwenda Dodoma ikakatika. Siwezi kusema ya kuwa mvua ililetwa na wakata miti. Mvua huja kwa amri nyingine. Lakini mlima wenye miti huyanywa maji polepole na kuyatoa polepole, na mlima ulio uchi huyamwaga yote siku ile ile, pamoja na udongo.

Watu hukata miti kwa sababu mji wahitaji mkaa, na kijiji chahitaji fedha. Kuwaambia "acheni" bila kuwapa njia nyingine ni kurudia kosa la yule aliyemhubiri mkulima bila ya mahindi. Katika vijiji kadhaa vya wilaya hii ya Kilosa, tangu mwaka 2012, imejaribiwa njia nyingine. Wanakijiji walipima msitu wao wakaugawa vipande vya mraba, meta 50 kwa meta 50, kama ubao wa dama. Kipande kimoja hukatwa, cha jirani yake huachwa. Visiki having'olewi, bali huachwa vichipue, na kipande kilichokatwa hakirudiwi hata ipite miaka 24. Ushuru wa mkaa uliingia katika mfuko wa kijiji, na wanakijiji wenyewe wakaamua utumike kwa madarasa, au kwa maji, au kwa zahanati. Aliyebuni jambo hili sidhani kama alikuwa akifikiri habari za Kumbukumbu la Torati, lakini kiota ni kile kile: chukua tawi, kisiki kiache.

Sasa hivi wageni waweza kufika kwetu kwa urahisi kuliko zamani. Reli mpya ya umeme, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, yapita Kilosa, na safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache. Shule nyingi pia hupanga safari za kwenda Mikumi, na huenda shule yenu nayo mwaka huu itakwenda. Kwa hiyo nawaambia mambo machache ya kazi.

Mwendapo, nendeni asubuhi mapema, maana jua likipanda wanyama hujificha vivulini, na mtaona majani tu mkadhani mmedanganywa. Kaeni ndani ya motokaa mpaka mwongozaji aseme shukeni. Msipige kelele kumwita mnyama. Twiga haji kwa kuitwa. Penye bwawa la viboko mtaruhusiwa kushuka, lakini msikae kati ya kiboko na maji, kwa kuwa akitishwa hukimbilia majini bila kutazama nani amesimama njiani. Mwulizeni mwongozaji majina ya ndege, ambao watu wengi hawawaulizii, naye atafurahi. Na tafuteni mikumi yenyewe katika uwanda wa Mkata. Chini ya mti jike mtaona matunda makubwa ya rangi ya manjano, yenye harufu ya kuvutia. Tembo huyapenda. Huyameza mazima, kisha huenda zake mbali, na baada ya siku kadhaa kokwa hutoka katika mavi yake, imewekewa samadi tayari. Kokwa hiyo haitoi jani kwanza. Hutuma chipukizi lake chini ardhini, na juu huonekana kama hakuna kitu. Jani la kwanza huja baadaye kabisa, moja tu, jembamba, na mtu asiyejua aweza kulikanyaga akidhani ni nyasi.

Mifuko ya plastiki msichukue, maana imekatazwa nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Chakula fungeni katika majani ya mgomba au katika vyombo. Maganda ya ndizi na mayai rudini nayo Mvumi, mkayatie katika shimo la samadi nyuma ya shule.